Kopo la Joviana

Mwalimu Lwakatare alilala mahabusu kwa sababu mji mzima wa Bukoba ulikuwa umekwisha kumhukumu, na Inspekta Kokuhirwa hakupenda mji mzima umfanyie kazi yake. Habari ilikuwa rahisi kusimulia sokoni: kocha wa riadha kampa binti wa watu unga wa kizungu, binti kaanguka. Joviana, mkimbiaji wa mbio ndefu ambaye Jumamosi inayokuja alitakiwa kushindania nafasi ya kwenda kambini Arusha, alikuwa amelazwa hospitali tangu jana asubuhi bila fahamu. Kopo la unga lilikuwa la binti mwenyewe, chupa ilichanganywa na kocha, na timu nzima ilishuhudia. Mkubwa wa Kokuhirwa kituoni alitaka kocha afikishwe mahakamani kesho yake.

Dokta Hafidha alitaka kitu kingine.

"Sukari yake inashuka kila nikiipandisha," alisema, wamesimama kando ya kitanda. Joviana alikuwa amelala kimya, miguu yake mirefu imefika ukingoni mwa godoro. "Mkimbiaji aliyeanguka kwa njaa, dripu inamwamsha. Huyu anaibuka kidogo, anazama tena. Kuna kitu kinaivuta sukari chini. Ninayo dawa kabatini inayoweza kukizuia, lakini ni dozi moja, na inafaa kwa aina moja tu ya sumu. Nikibahatisha nikakosea, nitakuwa nimemmalizia mwenyewe. Niambie alikunywa nini."

"Unanipa mpaka lini?"

"Leo, Inspekta. Ubongo haukai muda mrefu bila sukari."

Ndiyo maana badala ya kumhoji Lwakatare kituoni, Kokuhirwa alimpakia kwenye gari na kumrudisha Kahororo, kwenye stoo yake mwenyewe kando ya uwanja. Aliweka mezani makopo mawili. Moja lilikuwa jipya, bado lina karatasi ya kiwandani mdomoni. La pili lilikuwa la Joviana, jina lake limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Sajenti Audax, mtu mnene mwenye imani kubwa na jibu la kwanza, alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono.

"Huu unga ni nini, mwalimu?" Kokuhirwa aliuliza.

"Amino, Afande. Asidi amino. Ni vile vitu vinavyojenga nyama ya mwili. Ukila maharage au samaki, tumbo linavitoa humo. Hapa vimekwisha kutolewa. Mtu akitoka mazoezini, misuli inajirekebisha upesi. Si uchawi. Anayekula vizuri hata hauhitaji."

"Kama hauhitajiki, ulimpa wa nini?" Audax alidakia.

"Nimesema anayekula vizuri, Sajenti. Si wote tuna bahati yako."

Audax alivuta tumbo ndani. Kokuhirwa alijizuia kucheka, akamimina maji kwenye glasi mbili. Ya kwanza aliitia kijiko cha unga kutoka kopo jipya. Unga ulielea, ukajikusanya mabonge, ukakataa kabisa kulowa.

"Ndivyo ulivyo," Lwakatare alisema. "Mpaka utikise chupa mkono uchoke. Na ni mchungu."

Glasi ya pili aliitia unga wa Joviana. Huo nao ulielea na kufanya mabonge. Lakini Kokuhirwa hakuondoa macho. Baada ya muda kitu cheupe, chepesi, kilianza kushuka taratibu kutoka kwenye yale mabonge, kikatua chini ya glasi kama vumbi la chaki. Aliinua glasi ya kwanza. Chini yake maji yalikuwa safi.

"Kinachoelea ni chako," alimwambia kocha. "Hiki kilichotua ni cha nani?"

Lwakatare aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. "Hiki sikijui."

"Hivyo ndivyo angesema aliyekitia," alisema Audax.

"Nani mwingine alikunywa kutoka kwenye ile chupa?" Kokuhirwa aliuliza.

"Mimi."

Audax aliguna. Lwakatare hakumjali, akamgeukia Kokuhirwa. "Afande, wewe ni Mhaya. Utampa mtu kinywaji mkononi bila kuonja?"

Hakuwa na haja ya kumweleza. Nyumbani kwao Kokuhirwa hata maji ya mgeni yalionjwa kwanza na anayeyatoa, mbele ya macho yake, ndipo mgeni akapokea. Mtoto aliyesahau alirudishwa jikoni kuanza upya.

"Naonja chupa ya kila mmoja," kocha aliendelea. "Tena Joviana hunicheka. Anasema mwalimu haonji, anapiga funda."

"Na jana ulipiga funda."

"Nilipiga."

"Mbona uko mzima?"

Lwakatare alionekana kuona aibu kuliko kuogopa. "Niliumwa. Malaria. Wenzangu walipomkimbiza hospitali nilibaki kufunga stoo, niwafuate. Nikaanza kutetemeka. Jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, njaa kama sijala wiki. Nikavuka barabara nikala ndizi pale kwa Joanitha, ikapita. Sikumwambia mtu. Nani anasimulia malaria yake wakati mtoto wa watu anakufa?"

"Malaria ya kutibiwa kwa ndizi," Audax alisema. "Hiyo wizara ingependa kuisikia."

Kokuhirwa alikuwa amekwisha kutoka nje.

Joanitha alikuwa pale pale, ng'ambo ya barabara, na machana ya ndizi mbivu juu ya turubai. Alipoulizwa kama kocha alifika jana, alipiga makofi.

"Yule? Nilidhani amelewa asubuhi asubuhi! Mikono inacheza, hata kumenya ameshindwa, nikammenyea mimi. Alikula chana zima amesimama. Akatulia pale kwenye jiwe. Halafu, waitu, akanishukuru kama mtu niliyemtoa ziwani."

"Ni kweli ulimtoa ziwani," Kokuhirwa alimjibu.

Walirudi kwenye gari polepole, na Audax alionekana kusikitika. Alikuwa amempenda mshitakiwa wake.

"Mtu anayejua chupa ina sumu," Kokuhirwa alimwambia, "hapigi funda. Angegusisha midomo tu, akajifanya. Huyu alikunywa kidogo akatetemeka. Joviana alikunywa yote akiwa hajala, akaenda kukimbia. Unga uliharibiwa kabla haujafika kwa mwalimu. Tatizo si chupa. Ni kopo."

"Basi ni Nancy," Audax alisema papo hapo. "Analala chumba kimoja na Joviana. Tena ndiye wa pili kwa mbio."

Walimkuta Nancy nyuma ya nyumba ya wasichana wa timu, anafua nguo za Joviana. Alikuwa amekwisha kusugua viatu vya kukimbilia mpaka vikawa vyeupe kama vya dukani, na bado alikuwa anavisugua.

"Nafasi ya Arusha ni moja?" Audax alimwanza.

"Ni moja."

"Joviana asipokimbia?"

"Ni yangu." Alisema bila kupepesa. Kisha macho yakamjaa machozi, akayafuta kwa kiwiko kilichojaa povu. "Siitaki hivi, Sajenti. Nilitaka nimpite uwanjani, watu wakiona."

Jumapili yote alikuwa na kwaya ya kanisa Kamachumu. Walilala huko huko, na Jumatatu basi la kwaya lilimshusha uwanjani wakati wenzake wamekwisha kuanza mazoezi. Kwaya nzima ingemtolea ushahidi, tena kwa sauti nne. Kokuhirwa alimwamini.

"Kopo lake huwa linakaa wapi?"

"Kwenye begi lake. Jumamosi iliyopita aliutumia unga huo huo, akakimbia vizuri tu. Jumapili akaenda nao nyumbani kwao Ijumbi."

"Kwenda kusalimia, na kopo la nini?"

"Mama yake alitaka kuliona. Alikuwa na wasiwasi nalo, anasikia maneno ya watu. Jioni Joviana alinipigia simu, anacheka. Anasema mama kaliingiza kopo jikoni akalichunguza weee, akarudi nalo. Kabla ya kumpa akatia unga kidogo kiganjani, akaulamba mbele yake. Akasema ni mchungu, ila hauna neno."

"Basi mama katoka," alisema Audax. "Kaonja."

Kokuhirwa alimgeukia tena Nancy. "Mama yake alikuja hospitali jana?"

"Alikuja. Nilikaa naye. Alikuwa analia, nikamletea chai yenye sukari nyingi imtulize, akaikataa. Akasema sukari kakatazwa. Nikamtafutia isiyo na sukari." Nancy alikamua soksi. "Hakukaa sana. Alisema ng'ombe hana mtu. Nilishangaa kidogo, lakini kila mtu na huzuni yake."

Kokuhirwa alimshukuru, akaelekea kwenye gari. Alitamani awe amekosea, na hilo halikuwa jambo analolitamani mara kwa mara kazini.

Walimrudisha mwalimu kituoni, wakashika barabara ya Muleba, iliyokuwa kavu. Walipita Kemondo, ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Audax aliendesha huku anatafuna mdomo, dalili kwamba anafikiri, na ilimchukua muda.

"Lakini alilamba, Afande. Mbele ya mwanawe."

"Mwalimu naye alionja. Akaumwa. Mama yeye aliumwa?"

"Hakuumwa."

"Ni nani anaweza kulamba dawa ya kushusha sukari, asisikie kitu?"

Audax aliendelea kutafuna mdomo. Walipokuwa wanaacha lami kushika njia ya Ijumbi, alipunguza mwendo ghafla. "Mgonjwa wa sukari," alisema. "Anayeinywa kila siku."

"Endesha," alisema Kokuhirwa.

Nyumba ya Magdalena, mama yake Joviana, ilikuwa katikati ya migomba iliyotunzwa vizuri, majani makavu yametandazwa chini, mibuni imepogolewa. Kando ya njia, kabla ya kufika uani, palikuwa na kaburi la saruji. Mtu alikuwa amelichora jezi ya mpira, rangi ya bluu imeanza kupauka, na juu yake jina: Datius. Kokuhirwa alisimama kulisoma. Mwenye nyumba aliwakuta hapo.

"Mwanangu wa kwanza," alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa Kilutheri. "Walimchukua timu ya mbali. Wakasema nafasi ni moja, asiipoteze. Basi lao likapinduka." Kisha akawasalimu kwa Kihaya. "Wasibota, waitu. Karibuni ndani."

Aliwakalisha, akaleta kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna. Alichukua punje moja, akaitia mdomoni, akaitafuna huku wanamwona, ndipo akawapa. Audax alikiangalia kikapu. Kokuhirwa alichukua punje yake akatafuna, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi, na kwa sababu bado alikuwa anatamani awe amekosea.

"Ana hali gani?" Magdalena aliuliza.

"Hajaamka."

Mama aliinamisha kichwa. Kokuhirwa aliuangalia mlango wa jikoni. Kwa ndani, juu ya kigoda, palikuwa na jiwe la kusagia na mwenzake mdogo, yameoshwa yakang'aa kuliko chombo kingine chochote mle.

"Mama, unatumia dawa ya sukari?"

"Tangu baba yao afariki."

"Naomba niione."

Magdalena alikwenda chumbani, na alirudi baada ya muda mrefu kuliko wa kuchukua mfuko. Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na karatasi za vidonge, zile za kung'aa. Kokuhirwa alizigeuza moja moja. Kila tundu lilikuwa limepasuliwa.

"Kliniki ulikwenda lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wanakupa za mwezi."

"Za mwezi."

"Na zimekwisha."

Nje ng'ombe alilia. Magdalena alikaa kwenye ukingo wa kiti, mikono katikati ya magoti. Audax alitoa kalamu, na Kokuhirwa akamwashiria airudishe mfukoni.

"Mama, nisikilize. Sasa hivi sikuulizi kama askari. Hayo yatakuja, siwezi kukudanganya. Kuna daktari amesimama na dawa mkononi, anaogopa kuichoma kwa sababu hajui mwanao alikunywa nini. Ukinyamaza unaweza kujiokoa. Sina shahidi. Lakini Joviana hatafika kesho."

"Nikisema ataamka?"

"Anaweza."

Magdalena alisema kwa Kihaya kwanza, kwa sauti ya chini, jina la mwanawe tu. Kisha akahamia Kiswahili, kile cha shuleni na kanisani, kama mtu anayesoma mbele ya watu.

"Ni hizo. Zote. Nilizisaga kwenye jiwe nikachanganya na unga wake."

"Kwa nini, mama?" Audax alishindwa kuvumilia.

"Mimi zinanilegeza tu!" Alimgeukia kwa ukali. "Nikizimeza kabla ya kula magoti yanaisha nguvu. Nakaa kitini, nakula, napona. Nikasema na yeye atalegea hivyo hivyo. Atalegea wiki hii, Jumamosi atashindwa, watamchukua mwingine, atarudi nyumbani. Sikutaka afe. Sikutaka aende."

Kokuhirwa alikuwa tayari amesimama uani, simu sikioni, karatasi tupu mkononi. Alisoma jina la dawa herufi kwa herufi, na nguvu yake kama ilivyoandikwa. Dokta Hafidha hakusema hata asante. Alisema, "Ndiyo yenyewe," na akakata.

Aliporudi ndani alimkuta Magdalena anamtazama Audax kwa hasira mpya. Sajenti alikuwa amemwambia kwamba alilamba unga ili kumlaghai binti yake.

"Sikulamba ili nimlaghai," mama alisema. "Mwambie mwenzako, waitu, wewe umezaliwa huku. Nampaje mtu kitu cha kinywani bila kuonja?"

Kokuhirwa alikunja karatasi ya vidonge, akaitia mfukoni. Katika miaka yake yote ya upelelezi alikuwa amekutana na waongo wa kila namna, na huyu hakuwa mmoja wao. Alimwonea huruma, na alimkasirikia, na hisia hizo mbili hazikutaka kupishana.

Kuandika maelezo kulichukua muda. Magdalena alieleza kila kitu kwa utaratibu, akaweka sahihi yake kwa mwandiko mzuri. Kisha akaomba abadilishe nguo na amkabidhi jirani ng'ombe. Jirani alichelewa. Audax alisimama mlango wa jikoni, maana mama hakuweza kukaa bure, alikuwa amewasha moto na kuinjika sufuria. Kokuhirwa alitembea uani huku na huku, kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye kaburi la Datius na kurudi. Mkubwa wake alipiga simu kuuliza kocha ameshitakiwa kwa kifungu gani. Kokuhirwa alimwambia amwachie kocha, na mengine watazungumza akifika.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kwenye migomba simu ilipolia tena.

"Imesimama," alisema Dokta Hafidha, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Sukari imesimama. Nimepima, nikarudia kupima. Amefumbua macho, Inspekta. Ametutambua kwamba sisi ni watu."

"Amesema chochote?"

"Anamwita mama yake. Anataka aletwe."

Kokuhirwa aliendelea kuishika simu baada ya kukatika. Furaha ilimjia kwa nguvu. Ilipopungua, kilichobaki nyuma yake hakikuwa kizuri.

Magdalena alikuwa amesimama mlangoni, ameyasoma yote usoni mwa Kokuhirwa. Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa mara kadhaa, akaishukuru mbingu kwa Kihaya, akageuka haraka kuingia jikoni kama mwanamke mwenye kazi ya kufanya. Alirudi na chupa ya chai imefungwa kwa kitambaa safi, na kikombe.

"Ni uji," alisema. "Wa ulezi. Tangu mtoto, akitoka kuumwa hali kingine. Ng'ombe jirani amempokea. Twende, waitu, usije ukapoa."

"Mama," Kokuhirwa alianza.

"Hata kama mtanifunga, mtanifunga ameshakunywa."

Alifungua chupa, akamimina uji kidogo kwenye kikombe. Mvuke ulipanda. Aliuinua mdomoni, akanywa funda zima wakiwa wanamtazama wote wawili, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba. Kisha akamnyooshea Kokuhirwa kikombe, kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimeonja," alisema.

"Najua, mama. Hata Jumapili ulionja."

Magdalena alibaki amesimama, mikono yote miwili imeshika kikombe, na hakuna aliyekipokea.